Kikohozi cha Kiti cha Kulia

Nimestaafu. Kampuni ilinipa saa ya ukutani ambayo inachelewa, na kwa kampuni ya ndege naona zawadi hiyo ina ukweli wake. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na chini yake ndipo wanapokaa marubani vijana wakija kunisalimu. Wote huuliza yale yale: dhoruba za milimani, injini iliyozima, risasi. Hayo yote yalinitia hofu, sikatai. Lakini kilichoniacha kinywa wazi, kilichonishtua mpaka leo nikikikumbuka naweka kikombe chini, ni kikohozi. Nakiandika kwa ajili yenu mnaoanza, na itabidi nianzie mbali kidogo, maana nikianzia kwenye kikohozi chenyewe mtanicheka.

Siku yangu ya kwanza nilikaa kiti cha kulia, cha kopilote, rubani msaidizi. Kiti cha kushoto, cha komanda, mkuu wa ndege, alikaa Mzee Sango, mtu wa Kalemie, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu. Kabla ya kuwasha injini alichomoa mwiko kutoka kwenye begi. Mwiko kweli, wa kusongea bugali, mdogo, umeungua ncha. Nilidhani amekuja na chakula.

"Unaona hii?" akaniuliza. "Ni ya mama ya batoto yangu. Mi nikikosea na we unyamaze, nitakupiga nayo ku goti. We ukikosea, sitakupiga. Kukosea ni ya kila muntu."

Nilicheka kwa adabu. Tulipokuwa tunashuka, akaiacha ndege makusudi ipite chini ya kimo tulichopewa. Niliona sindano ya kimo ikishuka, nikasema moyoni, huyu ni mzee, anajua anachofanya. Mwiko ukatua gotini. Kwetu mwanaume hapigwi mwiko, mnajua wenyewe. Kuna ndoa zimevunjika kwa hilo. Nilishikwa na mshangao mkubwa hata maumivu yakachelewa kufika.

"Kimo, komanda," nikasema, meno nimeyauma.

"Asante," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyepewa chumvi mezani.

Ndivyo nilivyofundishwa mgawanyo wa kazi. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia. Anayeendesha ana mikono kwenye usukani na macho nje. Anayeangalia anashika redio, anasoma ukaguzi, anashusha na kukunja magurudumu anapoagizwa, na anataja kwa sauti kila kinachoanza kwenda upande: kasi, kimo, mwelekeo. Kwenda anaweza kuendesha komanda, kurudi akaendesha kopilote. Lawama tu ndizo hazipokezanwi, hizo zinabaki kushoto. Na anayeangalia asiguse mkono wa magurudumu, ule wenzo wa kuyashushia, kabla hajaagizwa, hata aone nini. Kazi yake ni kusema. Mzee Sango alikuwa mkali sana kwa hilo. Ndege inayoamuliwa na watu wawili kila mtu kivyake, alisema, haina rubani hata mmoja. Ndiyo maana tukipokezana tunaulizana, "Nani iko nayo?" na kujibiana, "Niko nayo." Abiria wakisikia hudhani tunagombania sanduku.

Mzee Sango alipoacha kazi nilirithi vitu viwili, kiti cha kushoto na mwiko. Kiti kilikuwa mali ya kampuni.

Makopilote walikuja na kupita, na magoti yao yananikumbuka. Kisha akaja Etabo, kijana wa Lubondja. Huyo hakuhitaji mwiko. Alikua akiitikia wito wa mama yake kutoka shamba la mihogo la ng'ambo ya mto, na ile sauti aliileta nzima kazini. Katika ndege zetu ndogo hakuna mlango kati ya rubani na abiria, na siku moja mchuuzi wa dhahabu wa Misisi, tope likiwa bado kwenye suruali na manukato shingoni, aliinamia mbele akaniambia, "Komanda, ongeza mwendo, niko na rendez-vous, bantu bananingoja." Etabo hakugeuka. "Papa," akamwambia, "ile pikipiki yenye ilikuleta, ulimushika dreva mukono?" Yule bwana akarudi nyuma na rendez-vous yake.

Siku nyingine tukitua hapa hapa Baraka, mbuzi waliingia kiwanjani kutoka upande nisioweza kuuona. "Mbuzi, komanda! Panda!" Nikairudisha ndege juu bila kuuliza. Naweza kumzaa yule kijana, na aliniamrisha kama mtoto anayepelekwa dukani, nami nilifurahi. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimepata kopilote. Binti yetu Wabiwa alikuwa anasikiliza, na sikujua anasikiliza kwa bidii kiasi gani.

Etabo akamposa Wabiwa. Tukafurahi, tukacheza. Mkubwa wa kampuni alituma kreti za soda na hotuba ndefu kuhusu familia. Katika watu wote waliokula wali ule, hakuna aliyekumbuka kwamba siku ya kazi bwana arusi na baba mkwe wake watakaa bega kwa bega ndani ya chumba kisichozidi kabati.

Kwa wasio wa kwetu, nieleze. Katika ukoo wetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Hampingi, hali naye sahani moja. Wakikaribia kukutana njiani, mkwe anakohoa mapema ili mzee ajue nani anakuja, ajitengeneze au apishe. Akifika kwenye ua hapigi kelele za hodi, anasimama nje na kukohoa mpaka mtu atoke. Hiyo ndiyo sauti yake yote. Inaendelea hivyo mpaka upande wa mke umfungulie kinywa: kuku anachinjwa, mkwe na baba mkwe wanamla pamoja wakitazamana, na tangu hapo wanaweza kusemezana. Wengi hungoja mtoto wa kwanza azaliwe. Sisi pia tuliona hakuna haraka.

Safari ya kwanza baada ya arusi, Etabo hakuniita komanda. Aliniita Baba. Uso ameuelekeza kwenye dirisha lake, ukaguzi anausomea kioo. "Kama Baba anaona vizuri," alisema tukiwa juu ya ziwa, "kasi inapunguka kidogo." Sentensi ilipofika mwisho, kasi ilikuwa imepunguka sana.

"Etabo," nikamwambia, "apa tuko ku kazi."

"Ndiyo, Baba," akaliambia dirisha.

Nikadhani ni haya za bwana arusi, zitaisha na suti.

Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa tunapanda Minembwe na makasha ya dawa, muuguzi mmoja, mzee mwenye fimbo ya kuchungia, na bamama kadhaa waliotoka soko la Baraka. Niliendesha mimi, Etabo akiangalia. Kiwanja cha Minembwe kiko juu sana, hewa yake nyepesi, na chenyewe kinapanda: unatua ukielekea juu, na mwisho wake kuna kilima. Kabla ya kiwanja kuna nyumba kadhaa za mabati. Ukiwa hujazifikia unaweza kubadili mawazo. Ukishazipita, ndege haina nguvu ya kuvuka kilima kile. Hapo unatua, upende usipende.

Tulikuja vizuri. Niliagiza magurudumu, Etabo akayashusha, taa tatu za kijani zikawaka, moja kwa kila gurudumu. Kisha nikaona ng'ombe kiwanjani. Kabla ya mabati nikasema tunapanda, nikaagiza magurudumu yakunjwe, tukazunguka. Wachungaji wakakimbia kuwaondoa ng'ombe, isipokuwa ndama mmoja aliyekuwa anarudi kila akifukuzwa. Tulipoelekea tena kiwanjani macho yangu yote yalikuwa kwa ndama yule. Kichwani mwangu kila kitu kilikwisha kuagizwa na kujibiwa, tangu mara ya kwanza. Sikuagiza tena magurudumu.

Mtaniuliza kuhusu honi ya kumkumbusha rubani magurudumu. Ilikuwepo na ilikuwa nzima. Lakini honi ile hulia ukipunguza gesi, na Minembwe, kwa sababu unakifuata kiwanja kinachopanda, hupunguzi gesi mpaka umeifikia nyasi. Kwa hiyo ilikaa kimya.

Etabo akakohoa.

Sikumjali, kule juu kuna baridi. Akakohoa tena, safari hii ngumi iko mdomoni, kwa heshima zaidi. Nikawaza jioni nimwambie Wabiwa amchemshie tangawizi. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza! Nyumba za mabati zikapita chini yetu. Kikaja kikohozi kirefu, cha mtu aliyesimama nje ya ua muda mrefu na hakuna anayetoka. Nikahisi shavu langu la kulia linatazamwa, nikageuka.

Alikuwa ananitazama usoni, macho kwa macho, machozi yanamtoka. Tangu arusi hakuwahi. Nilishtuka, na aibu ya mshtuko wenyewe ni kwamba nilifungua kinywa nimkemee kwa kukosa adabu, na ardhi iko pale chini ya viatu vyetu. Kisha nikaona mkono wake. Ulikuwa juu ya mkono wa magurudumu, haugusi. Na juu ya wenzo ule, taa tatu, zote zimezimika.

"Magurudumu!"

Aliyashusha neno halijaisha. Kupanda hakukuwezekana tena. Nikaongeza gesi kidogo, nikaishikilia ndege juu ya nyasi isiguse, na kiwanja kikawa kinaliwa mbele yangu. Hapo kazi ziligawanyika zenyewe inavyotakiwa, macho yangu nje, yake kwenye taa.

"Moja!" akaita, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. Kilima kikakua. "Mbili!" Nikaanza kuona mawe ya kilima, kila moja peke yake. "Tatu! Tatu, komanda!"

Nikakata gesi. Tukagusa, tukaruka, tukagusa, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tulisimama nyasi zikiwa zimebaki chache sana. Ndama alikuwa pembeni anatafuna.

Nyuma abiria walipiga makofi. "Huyu njo fundi!" mama mmoja akasema. "Alituteremusha polepole, ata soda haingemwangika!" Niliposikia hivyo nilitaka kulia.

Abiria wakashuka, makasha yakateremshwa. Nikamvuta Etabo chini ya bawa. Alisimama ananipa ubavu, macho kwenye nyasi.

"Uliona?" nikamuuliza.

"Niliona, Baba."

"Tangu wapi?"

"Tangu tulikata kona. Mbele ya mabati."

"Na ukanyamaza?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Bantu bote bale, Etabo! Mwenyewe! Wabiwa angebaki mujane na yatima siku moja! Ukanyamaza?"

Akainua uso kidogo, kwa mshangao wa kweli, wa mtu anayesingiziwa.

"Sikunyamaza, Baba," akasema. "Nilikohoa."

Wenzangu, nimezimiwa injini juu ya ziwa. Nimetua na tundu za risasi kwenye mkia. Hakuna kilichonipiga kama maneno yale mawili. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kwa kila alichofundishwa nyumbani kwao, kijana yule alikuwa amepaza sauti mpaka mwisho wa sauti. Na mkono hakuusogeza kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha asiguse kabla ya kuagizwa. Nyumbani kulimfunga mdomo, kazini kukamfunga mkono, na vifungo vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja, aliyekuwa amekaa kushoto kwake. Nilikaa kwenye nyasi. Muuguzi alipita akaniuliza kama ni malaria.

Niliripoti yote, kosa langu kwanza. Mkubwa wa kampuni, mtu wa mjini asiyekuwa na ukoo karibu, alisikiliza akitikisa kalamu.

"Komanda kusahau, tunaelewa, utarudia mafunzo," akasema. "Lakini kopilote asiyesema ni mzigo. Na mzigo ku ndege unalipiwa. Mwisho wa juma Etabo aende."

"Anasema. Ana sauti kuliko sisi wote."

"Basi nimusikie. Mbele ya juma kwisha."

Nikarudi nyumbani na habari hiyo. Etabo alikuwa amekwisha kumwambia Wabiwa, na Wabiwa alikuwa jikoni kwa mama yake, macho mekundu. Kijana hakuwa na kazi nyingine, na kopilote aliyefukuzwa kwa sababu kama ile hapati kiti popote katika nchi hii. Mke wangu hakuacha hata kusonga bugali.

"Mulimupatia binti, mukamupatia na ndege," akaniambia. "Kinywa yake mukabaki nayo. Sasa munashangaa nini?"

"Mutoto bado hajazaliwa," nikasema. "Desturi..."

"Desturi haikusema mukwe atakaa ku ndege na baba mukwe. Leta kuku."

Kuku aliletwa. Kaka yangu mkubwa, Alimasi, ndiye mwenye haki ya kusimamia, akaja amevaa koti. Nilikaa kwenye mkeka na Etabo mbele yangu, sahani katikati. Alipotakiwa kuinua macho, shingo yake ilitetemeka, na mimi nikagundua kwamba yangu pia. Tukala. Alimasi akatamka maneno yake, kinywa kikafunguliwa, bamama wakapiga vigelegele. Wangeridhika hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeona taa zilizozimika, na kuku mmoja hakunitosha. Nikaingia chumbani nikatoka na mwiko wa Mzee Sango, nikaukabidhi kwa Etabo mbele ya wote.

"Siku nitasahau kitu ku ndege," nikamwambia, "utanipiga nayo ku goti. Kwa nguvu."

Vigelegele vikakatika. Alimasi akasimama.

"Mukwe apige baba mukwe mwiko? We iko muzima?"

"Ku ndege tu, kaka."

"Ata ku mwezi!"

Akanawa mikono, akavaa viatu, akaenda zake, ameacha firigisi ambayo ni haki yake. Hilo nalo lilinishtua. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Alimasi akiacha firigisi. Etabo alibaki ameushika mwiko kwa mikono miwili, haweki chini, haweki mfukoni.

Kesho yake Mkubwa alipanda nasi mwenyewe, akakaa nyuma yetu kabisa. Niliendesha mimi. Tukikaribia Baraka nilijifanya namtafuta mvuvi fulani ziwani, nikaiacha kasi ishuke. Nilisubiri. Nilisikia Etabo akivuta pumzi, na moyo wangu ukasema, sasa atakohoa, na kazi yake imekwisha.

Mwiko ulinishukia gotini mpaka nikaona nyota mchana. "Kasi, komanda! Kasi!"

Nyuma Mkubwa aliruka kwenye kiti. Hakuzungumza tena juu ya kumfukuza mtu. Alichouliza ni kama kipigo kile kimo kwenye kanuni. Nilimjibu kwamba kimo kwenye zile za zamani. Alimasi alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwangu, akarudi mjukuu alipozaliwa, na firigisi tukampa.

Miaka ikaenda. Etabo alihamia kiti cha kushoto, mwiko akaenda nao, na makopilote wake nao walipata magoti ya kukumbuka. Siku ya safari yangu ya mwisho kampuni iliniuliza nataka nini. Nikaomba kiti cha kulia. Niliingilia hapo, nitokee hapo. Etabo awe komanda, mimi nimwangalie. Nyuma yetu, viti vya mbele, alikaa Wabiwa na wajukuu zangu.

Ilikuwa siku nzuri, ziwa tulivu. Tulikuwa tunashuka Baraka. Mjukuu wangu mkubwa, msichana, aliita, "Papa, nyumba yetu iko wapi?" na Etabo akanyoosha kidole nje kumwonyesha. Nikaona sindano ya kasi inaanza kushuka. Si hatari bado. Neno moja tu lilihitajika, lile ambalo nimelipigia magoti ya vijana maisha yangu yote. Nikageuka kulisema, nikamwona Wabiwa. Alikuwa anamtazama mume wake akiwa kwenye kiti cha kushoto, shati jeupe, mabega mapana, na uso wake wote ulikuwa wa fahari. Na mimi baba mkwe nimkemee mtu huyu mbele ya mke wake na watoto wake? Sindano ikashuka tena. Nikafungua kinywa.

Nikakohoa.

Nilijisikia nikikohoa, na nywele zikanisimama. Mimi! Nilitaka kusema, na koo halikutoa neno, na ndipo nilipojua kijana yule alikuwa amekaa mahali gani siku ile ya Minembwe.

Etabo hakugeuza kichwa. Mkono wake wa kulia ulishuka pembeni ya kiti, ukapanda na kitu cheusi, na mwiko wa Mzee Sango ukapasuka gotini kwangu.

"Baba, apa haiko ku nyumba," akasema. "Sema."

"Kasi, komanda!" nikapiga kelele, mpaka watoto wakashtuka.

"Asante," akajibu, na gesi alikuwa ameshaisukuma.

Nyuma, mjukuu wangu akauliza, kwa sauti ambayo ni ya baba yake kabisa, "Mama, Papa anapiga Babu mwiko?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyemnyamazisha.